Simu Zimelala, Ziko Kazini

6 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nina sauti moja sikioni tangu Jumapili na haitaki kutoka: *ta*. Ni simu ya Baba ikiwekwa kwenye sinia la bati. Tulikuwa hatujamaliza hata kujuliana hali. Nilimuuliza miguu inaendeleaje, akasema miguu haijambo. Nikamuuliza amekula nini, akasema, "Mwanangu, umenichukulia muda, hii simu inatakiwa irudi kazini." Halafu *ta*. Hakuwa amekata. Nikabaki humo ndani nikisikiliza sebule yenu: kiti kikivutwa, mtu akizuia kikohozi, wewe ukinong'ona, "Ameshaondoka?" na Baba akikujibu, "Usiongee karibu nazo." Maskini simu haikupumzika hata kidogo, maana mimi nilikuwa bado nimo. Nikakata kwa niaba yenu.

Ndiyo maana nimenunua bahasha. Sijawahi kukuandikia barua ya kalamu, nisamehe mwandiko. Mimi ni mzima. Chumba changu bado ni kile cha juu ya duka la vitasa, na asubuhi nzima nasikia watu wakijaribu funguo. Kazini wametuletea viti vipya vinavyozunguka, na sasa kila mtu akifikiri anazunguka. Vipi binti yako, tumbo linamsumbua? Mwambie namuwaza.

Sasa Shangazi, nisaidie. Nilipokuja likizo mliniuliza kazi yangu hasa ni nini, na Baba akaacha kutafuna ili asikie. Hajawahi kuacha kutafuna kwa ajili yangu. Basi nikaeleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza mbele ya wakubwa zangu. Nikasema tunaifundisha mashine kutambua ugonjwa kwenye majani ya mazao kwa kuangalia picha. Hesabu zake ni nyingi mno kwa kompyuta moja, kwa hiyo tunawaomba watu simu zao na kompyuta zao wakati hawazitumii. Kila kifaa kinapewa kipande kidogo, kinakipigia hesabu, kinakirudisha, na sisi tunaviunganisha. Simu ikitumika, inaacha. Ikiwekwa kwenye chaji bila kuguswa, inaendelea. Nikamwekea programu kwenye simu yake, nikamwonyesha lile duara la kijani. Akauliza, "Kwa hiyo ikipumzika ndipo inafanya kazi?" Nikasema ndiyo.

Nilikuwa na maana ya saa zile ambazo mtu amelala, Shangazi. Sikuwa na maana kwamba mtu aache kuitumia simu yake milele. Mweleze taratibu kwamba kupiga simu si uhujumu. Mimi nikimweleza anasema ninamjaribu.

Mtoto wa kaka yako.


27 Februari

Kwako Mtaalamu,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kiatu, sijui imepita wapi. Binti yangu hajambo, ameshakuwa mviringo, anatembea kama mtu aliyebeba ndoo ambayo hataki imwagike. Nyumba ni nzima. Mimi mikono inaniuma kwa kusuka lakini sina wa kumlalamikia.

Unataka nimweleze baba yako taratibu. Haya. Hebu kwanza mimi nikueleze wewe taratibu.

Ile ni simu moja uliyoiacha. Sasa kwenye sinia zipo tisa au kumi, sizihesabu tena. Ya kwangu ilikwenda wiki ya kwanza. Kisha akaenda kwa jirani, yule dereva wa lori, akamwambia anatafuta watu. Dereva akaja na simu yake kaishika kwa mikono miwili. Baba yako akamhoji pale pale mlangoni.

"Tabia yake ikoje?"

"Inapata moto, Mzee."

"Moto ni bidii. Weka pale."

Mke wa dereva, Mama Pacha, akaleta mbili. Fundi viatu akaleta kompyuta yenye kioo kilichopasuka, akaambiwa itafanya zamu ya asubuhi tu kwa sababu ya umri. Kaka anazo zamu, unanielewa? Zote kichwani, kama enzi zake kwenye kiwanda cha nguo. Zamu ikibadilishwa anasimama katikati ya sebule, anapiga makofi mara moja, anaziondoa hizi kwenye chaji na kuziingiza zile. Amerudia kuvaa shati la kola. Ananyoa ndevu. Watu mtaani wamerudi kumwita Mkuu wa Zamu, naye anaitika.

Televisheni tumeifunika shuka. Na friji nayo, basi cheka. Nikamwambia, "Kaka, friji haina hiyo programu. Mtoto alisema simu na kompyuta."

"Iko chumba kimoja na wenzake. Itajifunza kwa kuona."

"Itajifunza nini? Majani yenyewe yamejaa ndani yake yanaoza!"

"Ndiyo hiyo elimu kwa vitendo," akasema, wala hakucheka. Sasa friji haifunguliwi ila wakati wa kubadilisha zamu. Ukisahau maziwa, umekunywa chai ya rangi. Ameipa jina, anaiita Bi Baridi, na anasema ndiyo mfanyakazi pekee asiyelalamika.

Saluni yangu unajua iko chumba cha mbele, ukuta mmoja na sebule. Basi kaweka sheria: mteja akiingia anakabidhi simu. Nilidhani watanikimbia. Hawakunikimbia. Nitakuambia siku nyingine.

Macho yake hayajambo. Anagusa ukuta kidogo anapotembea, mazoea tu. Juzi alinikaribisha mimi nikae, akaniuliza nimetoka mbali, akidhani ni mteja. Tukacheka. Mvua bado haijanyesha.

Kaka anakuuliza: huko ofisini wanajua kwamba kuna nyumba yetu?

Shangazi yako.


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nafurahi mikono bado inasuka ingawa inauma. Kwenye chumba changu bomba la ukutani limeanza kuvuma, mwenye nyumba anasema ni hewa. Nimepata mafua, yamepita. Nimechelewa kukujibu, na nimeandika mwanzo wa barua hii mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kila nikifika pale Baba anapouliza kama ofisi inajua nyumba yetu, nasimama.

Anagusa ukuta kwa mazoea gani? Nimekulia kwenye nyumba ile. Baba hakuwahi kugusa ukuta. Alikuwa akitugombeza sisi tukiugusa, kwa sababu ya rangi.

Naandika moja kwa moja sasa. Mradi umefungwa. Tangu tarehe mosi Machi. Kampuni imenunua mashine zake yenyewe, zimejaa ukumbi mzima, zinapozwa kwa feni usiku na mchana, na hazihitaji simu ya mtu. Vipande vya hesabu havigawiwi tena. Simu zilizo kwenye sinia lenu zimelala kweli kweli, Shangazi, kama mawe. Duara la kijani linaendelea kuonyesha kwa sababu ni picha tu na hakuna aliyepewa kazi ya kuiondoa. Nilimuuliza mkubwa wangu ni lini watu wataambiwa. Akazunguka kwenye kiti chake mzunguko mzima, akarudi mbele yangu, akasema, "Neno 'kufungwa' hatulitumii. Mradi umepumzika." Tumekatazwa kumweleza mtu yeyote mpaka litoke tangazo rasmi. Tangazo liko kwa mwanasheria. Mwanasheria yuko likizo.

Mimi wamenihamishia meza ya karibu na lifti. Kazi yangu sasa ni kuangalia kama zile mashine zina joto. Zina joto.

Ninakuambia wewe ili umwambie yeye, maana wewe unajua jinsi ya kumshika. Mwambie kazi ilikwenda vizuri, ikaisha. Mwambie kila mtu achukue simu yake. Halafu nijibu kuhusu macho, na usiniletee habari za mvua.

Wako.


14 Aprili

Mtaalamu,

Marahaba. Pole na mafua. Hilo bomba linalovuma lipige na ufagio.

Barua yako ilifika saa ya chakula. Nadhani hujui jinsi barua zako zinavyosomwa hapa. Kaka anakaa kwenye kiti chake, dereva na fundi viatu kando, Mama Pacha mlangoni, na mimi ndiye ninayesoma kwa sauti. Yeye mwenyewe hasomi tena. Haya, umepata ulichotaka: hasomi. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, wamempa siku ya kupasuliwa na ikipita sana jicho la kushoto linaweza lisirudi. Hivyo ndivyo ilivyo, na nilitaka kukuambia ukija.

Sasa fikiria mimi, nimesimama, karatasi mkononi, wote wananitazama, nimefika kwenye "Mradi umefungwa." Ulitaka nifanye nini? Nikakohoa. Nikasoma: "Mradi umefungua... tawi jipya. Na Mkurugenzi anatoa salamu maalumu kwa nyumba ya Mkuu wa Zamu." Dereva akapiga kofi paja lake. Fundi viatu akasema, "Nilisema mimi!" Kaka aliinua tu kidevu hivi. Hukumwona. Hujakiona kidevu hicho tangu kiwanda kifungwe, wakati ule ulikuwa na meno ya utotoni.

Basi na sasa kila wiki Mkurugenzi huwa anaandika. Usinikemee. Wiki iliyopita alimsifu Bi Baridi.

Tatizo ni hospitali. Nimemwambia, "Kaka, siku imekaribia." Anajibu, "Nani atashika zamu?" Nikamwambia mimi. Akasema mimi naongea sana na simu zinanisikiliza badala ya kufanya kazi. Nikamwambia basi tuzime kwa siku mbili. Alinitazama, au alitazama pale alipodhani nipo, kama vile nimemwambia tumzike mtu akiwa hai. Na kuzika tumeshazika: simu moja ya Mama Pacha ilivimba betri, Kaka akaitoa kwenye sinia kwa kitambaa, akasema maneno machache kuhusu uaminifu wake, tukaifukia nyuma ya choo. Pacha walilia. Mmoja kati yao alikuwa na michezo humo.

Ninachotaka kwako ni kitu kidogo. Andika barua ya kampuni yenye nembo, umpe likizo. Mtu wa kiwanda akipewa likizo kwa maandishi anaondoka. Atapasuliwa, atapona, na yale mengine tutayaona mbele ya safari. Ukweli wako uuweke kwanza pembeni, hauozi.

Shangazi yako anayekupenda, na usijifanye hujui.


8 Mei

Shikamoo Shangazi,

Natumaini binti yako hajajifungua kabla ya barua hii kufika. Mimi sijambo. Silali vizuri, lakini hiyo ni tabia yangu tangu shuleni.

Nimeiandika. Imo ndani ya bahasha hii. Nilisubiri wenzangu waende kula, nikachukua karatasi yenye nembo, nikaandika kwamba Mkuu wa Zamu anapewa likizo ya matibabu yenye baraka zote za kampuni. Nilipofika kwenye cheo cha anayetia saini nikagundua sijui cheo changu ni nini tena, kwa hiyo niliandika Mwangalizi wa Joto, Makao Makuu. Mwenzangu wa meza ya jirani alirudi mapema, akasoma begani kwangu. "Huyu ni mfanyakazi wetu?" akauliza. Nikamwambia ndiye pekee ninayemjua anayefanya kazi. Alidhani ni utani.

Nilipoikunja nilijisikia kama mtu anayemvisha baba yake viatu viwili vya mguu mmoja halafu anamsifu anavyotembea. Msomee. Aende. Lakini usiongeze neno hata moja humo, Shangazi, nakuomba, hii tayari ina uongo wa kutosha.

Kuna kitu nilitaka kukuuliza tangu Februari. Ulisema wateja wako hawakukimbia walipokabidhi simu, na kwamba utaniambia siku nyingine. Siku nyingine ni lini?

Wako.


2 Juni

Mtaalamu wangu,

Marahaba. Binti yangu amejifungua! Mtoto wa kike, mzito, mwenye nywele kama ameshapita kwangu. Naondoka Alhamisi kwenda kumsaidia na nitakaa huko kama wiki tatu, kwa hiyo jibu lako litume kwake, anwani nimeiandika nyuma. Mama Pacha atamwangalia baba yako.

Likizo imeharibika. Nilisoma barua yako kama ulivyoiandika, neno kwa neno, nikijua jinsi unavyonichunga hata ukiwa mbali. Kaka akaipapasa ile nembo kwa kidole gumba, akafurahi mno. Halafu akasema, "Haijataja atakayekaimu." Nikasema, kukaimu nini? Akasema hakuna likizo bila kaimu, hiyo ni sheria ya kila kiwanda duniani, na kwa kuwa makao makuu wamesahau, atamteua mwenyewe. Akaanza usaili. Hapa sebuleni! Dereva alikaa mbele ya sinia kwa majaribio, akaangushwa kwa sababu anaimba puani bila kujijua. Fundi viatu alisinzia. Baba yako akamwambia, "Wao ndio wa kulala, si wewe." Mama Pacha alifanya vizuri mpaka akaulizwa atafanya nini Bi Baridi akigoma, akajibu atamwita fundi friji. Kaka akatikisa kichwa: "Mfanyakazi akigoma unakaa naye unamsikiliza." Akakosa. Siku ya hospitali ikapita hivyo. Wamempa nyingine, tarehe kumi na tisa mwezi huu, na daktari amesema hiyo ndiyo, hakuna ya tatu kabla jicho halijaharibika.

Sasa usifikirie kumwambia. Nakujua, utaanza kufikiria. Nikuambie jambo ambalo hukuwahi kuambiwa. Zile wiki za mwisho kiwandani, mteja wa mashuka alikuwa ameshajitoa. Wakubwa walijua. Wakawaacha watu wafume. Baba yako anapita kati ya mashine anahimiza watu wake, anawaambia fanyeni haraka, hospitali zinasubiri. Majora yanapangwa stoo mpaka yamegusa dari. Siku alipokuta geti na kufuli ndipo akajua. Amenisimulia mara moja tu maisha yake yote, tena ameinama anafunga kamba za viatu. "Niliwahimiza watu bure." Akanyanyuka akaenda kulala na viatu. Ndiyo maana nasema asijue. Mtu hawezi kupigwa hapo hapo mara mbili.

Haya, na saluni, kwa kuwa umeng'ang'ania. Wateja wasipokuwa na simu wanaongea. Jamani, wanaongea! Najua nani ameachwa, nani amerudiwa, nani anavaa nywele za dada yake. Wanakuja hata wasiotaka kusukwa. Wengine wanafumua ili waje tena. Sijawahi kuwa na saluni iliyojaa hivi. Basi nimesema. Si kwamba nafanya hivyo kwa ajili ya saluni. Ila nimesema.

Shangazi yako.


20 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na hongera ya mjukuu. Mbusu kwenye hizo nywele. Mwambie mama yake apumzike, na kwa nyumba hii neno kupumzika lina maana nyingi lakini kwake lina moja.

Naandika nikiwa hapa nyumbani kwenu. Usishtuke. Nilifika Jumatatu, wewe ukiwa umeshaondoka, na nilipanga hivyo makusudi, kwa sababu ukiwepo ungenishinda kwa maneno. Nilisoma barua yako kwenye ngazi za duka la vitasa na nikashindwa kupanda chumbani. Uliniambia habari za mashuka ili ninyamaze. Nilisoma mara ya pili nikaona tu kwamba safari hii wakubwa wanaojua na kunyamaza ni mimi na wewe.

Nilimkuta kwenye kiti chake. Alinijua kwa hatua kabla sijasalimia. Amekonda, shati limepigwa pasi vizuri lakini vifungo viko juu kimoja. Macho yake yana ukungu kama kioo cha bafuni. Nilikaa chini kwenye mkeka nikasema, "Baba, kazi iliisha."

"Ya leo?"

"Yote. Tangu Machi."

Akageuza uso kuelekea sinia. "Na duara la kijani?"

"Ni picha, Baba. Wamesahau kuitoa."

"Kwa hiyo wamelala tu."

"Wamelala tu."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na shangazi yako?"

Nikasema umekwenda kumwona mjukuu. Akatikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa najiuliza," akasema, "Mkurugenzi amejuaje jina la Bi Baridi."

Nilicheka, Shangazi, nisamehe, nilicheka na nikadhani tumepona. Lakini yeye hakucheka. Aliniambia niwaite wote. Walipojaa sebuleni akasimama, akapiga makofi yale yake mara moja, akasema, "Kazi imekwisha. Iliisha zamani, hatukuambiwa. Si kosa lenu wala si kosa la vifaa vyenu." Halafu akainama kwenye sinia akaanza kuzitoa. Hakuuliza ipi ya nani. Alizijua kwa kidole: iliyopasuka pembeni, yenye kifuniko cha mpira, isiyo na kitufe. Akamkabidhi kila mtu yake na kumshika mkono. Dereva akaiangalia ya kwake kama mtoto aliyerudi kutoka bweni. "Mzee, itanikumbuka kweli?" Fundi viatu akaondoka bila kuaga, ameumia kuliko wote. Mama Pacha akaniambia mlangoni, kwa ukali, "Ungemwachia tu." Kwenye friji Baba aliweka kiganja, akasema, "Wewe rudi kwenye kazi yako ya zamani."

Kisha akaingia chumbani kwake na viatu, akafunga mlango. Hakutoka kula. Kesho yake pia hakula, na mimi nilikaa sebuleni pale ambapo palikuwa na sinia nikijiambia kwamba nimemuua baba yangu kwa sababu ya usafi wa roho yangu mwenyewe. Sijui kama ungeweza kuniambia neno baya zaidi ya niliyojiambia. Ukipata, niandikie.

Jioni ya siku ya pili alifungua. Alikuwa amenyoa, kajikata kidevuni. "Hospitali walisema lini?" akauliza. Nikamwambia ni keshokutwa. "Basi usinipikie kingi."

Jana asubuhi tulikuwa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Muuguzi alipomaliza kumwekea matone, Baba akaniita nisogee, ingawa nilikuwa nimemgusa bega.

"Ulisema wako kila mahali," akasema. "Wale wenye simu. Nyumba nyingine."

"Ndiyo, Baba. Wengi sana."

"Wameambiwa?"

"Bado. Tumekatazwa, mpaka litoke tangazo."

Akafikiri. Miguu yake ilikuwa haigusi chini vizuri, benchi lile ni refu. "Kwa hiyo kuna mtu sasa hivi," akasema, "amekaa mahali, amefunika televisheni yake."

Nilitaka kumwambia kwamba hapana, Baba, hakuna mtu mwingine duniani aliyefunika televisheni. Ni wewe peke yako. Sikuweza, kwa sababu sijui. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Muuguzi akamchukua mkono, naye akaondoka akiwa amenyooka, na ule ukuta hakuugusa.

Daktari anasema jicho la kushoto litaona. La kulia watalifanya baada ya mwezi. Mpaka hapo nitakuwepo mimi, na wewe ukirudi utamkuta amefungwa bandeji, anauliza nani ameweka kikombe hapa. Saluni yako usiihofie. Sinia nimelisafisha, lipo nyuma ya mlango. Ukisema ni sheria ya saluni hakuna atakayekubishia. Lakini barua za Mkurugenzi ziishe. Nimemwahidi.

Kazini nadhani sitarudi, au nitarudi kuchukua kikombe changu tu. Walininyang'anya meza wakasahau kuninyang'anya funguo za mfumo, na kompyuta nilikuwa nayo mkobani. Niliifungua pale pale kwenye benchi, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgonjwa akanisogezea nafasi, na nikawaandikia wote, Shangazi, kila kifaa kilichowahi kuwasha lile duara. Nimeandika kwamba kazi ilikwisha mwezi wa tatu, kwamba kijani hicho ni picha, kwamba walifanya vizuri na hakuna wanachosubiriwa tena, wachukue simu zao. Chini nimeweka jina langu kamili, bila cheo. Nikautuma ujumbe huo kabla hawajamtoa Baba.

Mtoto wa kaka yako.